Umefika kaskazini na darubini yako mwezi wa Juni? Usiiuze bado

Darubini yangu ya kwanza niliinunua mwanzoni mwa Juni, nikiishi karibu na Stockholm. Usiku tatu mfululizo nilikaa nje nikisubiri giza, na giza halikuja. Saa sita usiku niliweza kusoma maandishi makubwa ya kwenye boksi bila taa. Nilikuwa natafuta galaksi ya Andromeda, sikuona kitu, nikaamini kioo ni kibovu, nikamwandikia aliyeniuzia barua ndefu ya malalamiko. Kioo kilikuwa kizima. Naandika haya ili wewe unayeanza usije ukaandika barua kama ile.

Tuanze na hesabu, maana ukiielewa utaacha kulaumu vifaa. Anga huwa giza kabisa pale jua linapokuwa nyuzi 18 au zaidi chini ya upeo wa macho. Karibu na ikweta jua huzama likishuka wima, na baada ya saa moja na ushee giza limetanda. Huku juu linazama kwa mshazari, kama mtu anayeteremka kilima kwa kuzungukazunguka. Siku yenye mchana mrefu kuliko zote, tarehe 20 au 21 Juni, kina cha jua usiku wa manane unakipata kwa kutoa latitudo yako kwenye 90, kisha unatoa tena 23.4. Stockholm iko latitudo ya 59.3, kwa hiyo jua linashuka nyuzi 7 na kidogo tu. Edinburgh linashuka zaidi ya 10, London 15. Ukivuka latitudo ya 66.5, halizami kabisa. Mpaka wa kukosa giza kamili uko kama latitudo ya 48.5, yaani hata Paris, iliyo juu kidogo ya hapo, inaguswa.

Jambo moja lilinichukua miaka miwili kulizingatia: usiku wa manane wa saa ya ukutani si usiku wa manane wa jua. Kwa sababu ya saa kusogezwa mbele majira ya joto, Stockholm jua linafika chini kabisa karibu saa saba kasoro dakika kumi usiku. Nilikuwa nafunga vifaa saa sita na nusu, nikiwa nimechoka na nimeng'atwa na mbu, wakati ule uliokuwa bora ukiwa ndio kwanza unakaribia. (Mbu wa huku majira ya joto si wa kudharau. Vaa mikono mirefu.)

Sasa, utazame nini? Achana na galaksi na nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota. Zina mwanga hafifu uliotawanyika, na anga jeupe linazimeza. Anza na nyota angavu, kwa macho tu. Mwishoni mwa Juni, saa saba usiku, Vega iko juu sana upande wa kusini, nyeupe yenye ubluu. Arcturus, ya rangi ya chungwa, inateremkia magharibi. Deneb na Altair zinakamilisha pembetatu pamoja na Vega. Capella iko chini kaskazini, ndani ya ule mwanga usiozimika. Ni hizo na nyingine chache. Nilijifunza makundi ya nyota haraka zaidi Juni kuliko Januari, kwa sababu Januari anga limejaa hata hujui ushike lipi.

Ukitaka kutumia darubini, nenda kwenye nyota maradufu, yaani zile zinazoonekana moja kwa macho kumbe ni mbili au zaidi. Mwanga wa nyota ni nukta, hausambai, kwa hiyo anga jeupe halizisumbui sana. Albireo, kwenye kichwa cha kundi la nyota la Dajaja, inaonekana moja kwa macho, lakini ukiikuza mara 30 hivi zinatokea mbili, ya dhahabu na ya buluu. Pembeni ya Vega ipo Epsilon Lyrae: darubini ndogo ya macho mawili inaigawa mara mbili, na darubini nzuri, hewa ikitulia, inagawa kila moja mara mbili tena. Nimewahi kupoteza saa nzima pale bila kujuta.

Mwezi mpevu wa Juni usiutegemee. Uko upande wa pili wa jua, na jua likiwa juu mchana, mwezi unakuwa chini usiku. Unajikokota juu ya mapaa, umefifia na hewa nzito inautetemesha. Kituo cha Kimataifa cha Angani ni habari nyingine: kwa kuwa kiko kilomita 400 hivi juu, Juni kinaendelea kupigwa na jua usiku kucha, na unaweza kukiona kikipita kusini kila baada ya dakika 90 au zaidi kidogo. Kutoka Stockholm hakipandi sana, kwa hiyo tafuta mahali ambapo kusini hakuna miti.

Kitu ambacho watu wa giza la kusini hawakipati, na ambacho kwangu ndicho hasa cha kukesha, ni mawingu yang'aayo usiku. Yanakaa kilomita 80 hivi juu, ni chembe za barafu, na yanaonekana kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mwanzoni mwa Agosti. Taarifa za kuonekana kwake zilianza mwaka 1885. Majira yangu ya kwanza niliyaona mara kadhaa nikayapita, nikidhani ni mawingu ya kawaida. Tofauti ni rahisi: wingu la kawaida huwa jeusi mbele ya mwanga wa kaskazini, hili linang'aa, la fedha yenye ubluu, likiwa na mikunjo kama mchanga ulioachwa na maji kupwa. Angalia chini ya Capella. Hayahitaji darubini, na simu iliyoegemezwa mahali imara inatosha kuyapiga picha.

Giza nalo linarudi kwa namna yake. Kuanzia kama tarehe 10 Juni hadi mwanzo wa Julai hali haibadiliki karibu hata kidogo, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kufikia Agosti jua linashuka zaidi kwa kama nyuzi 0.3 kila siku, na unaona tofauti wiki hadi wiki. Vimondo vya Perseid hufikia kilele tarehe 12 au 13 Agosti, anga likiwa limekaribia kuwa jeusi. Wiki hiyohiyo au inayofuata, mbali na taa za mji, Njia Nyeupe, ule mkanda hafifu wa nyota nyingi, inaonekana tena ikipita katikati ya Dajaja. Chukua koti, umande wa Agosti unalowesha kila kitu, pamoja na kioo, na mimi hufunika darubini yangu kwa taulo kila ninapopumzika.