Skrini Mbili Zawaka, ya Tatu Giza: Ninunue Doki Nyingine?

Swali: Habari, fundi. Nafanya hesabu za wateja nikiwa nyumbani, Milimani hapa Kisumu. Laptopu yangu ni mtumba wa Uingereza, Core i5 ya kizazi cha nane yenye Intel UHD 620. Nimeichomeka kwenye doki ya USB-C (kile kisanduku cha kuunganishia vifaa kadhaa kwa waya mmoja) yenye skrini tatu za Full HD. Mbili zinawaka, ya tatu haipati signali. Nikichomoa yoyote kati ya hizo tatu, mbili zinazobaki zinawaka vizuri. Muuzaji anasema doki imekufa, ninunue nyingine. Tena stima ikipotea na kurudi, zote zinagoma. Nifanyeje?

Jibu: Dada, hizo pesa ziweke kwanza. Kama kila skrini inawaka mojawapo ikitolewa, basi matundu yote ya doki ni mazima, na nyaya pia. Doki haijafa.

Hesabu skrini zako upya, na usiisahau ile ya laptopu yenyewe. Ni nne. Chipu yako ya picha, UHD 620, inaendesha tatu kwa wakati mmoja, basi. Doki ya kawaida hupokea picha kutoka kwenye chipu hiyo na kuigawa tu. Haina uwezo wa kuongeza hata skrini moja. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, uchague kwamba kifuniko kikifungwa laptopu isifanye lolote, kisha uifunge. Kwa joto la Kisumu, isimamishe mahali penye hewa, wala usiibandike chini ya mafaili.

Huenda ya tatu bado ikagoma. Hapo tatizo litakuwa njia yenyewe. Tundu la USB-C lina njia nne za kasi, lakini doki nyingi huchukua mbili kwa data ya USB na kuiachia picha mbili. Kwa DisplayPort 1.2, kiwango cha kupitisha picha ambacho ndicho hutumika sana katika laptopu za rika hilo, njia mbili hupitisha takriban gigabiti 8.6 kwa sekunde. Skrini moja ya Full HD kwa hezi 60 hula zaidi kidogo ya gigabiti 3. Mbili zinaingia bila taabu. Tatu ni kama 10, na hapo ndipo moja inaachwa nje.

Dawa yake haina gharama kubwa: chomeka skrini ya tatu moja kwa moja kwenye tundu la HDMI la laptopu, mbili zibaki kwenye doki. Picha ya HDMI haipitii doki kabisa. Mimi ningeanza hapo hapo. (Kama tundu lako la USB-C lina alama ya radi na doki yako pia ni ya Thunderbolt, yaani aina ya kasi zaidi, hesabu hii ya njia haikuhusu, ila ule ukomo wa skrini tatu unabaki.)

Ukishikilia kutumia zote nne, tafuta adapta ya DisplayLink. Hiyo hutengeneza picha kwa programu na kuipitisha kama data ya kawaida ya USB, kwa hiyo haifungwi na ukomo wa chipu. Lazima usakinishe programu yake, na prosesa hufanya kazi ya ziada. Kwa Excel inatosha kabisa. Kwa video siipendekezi.

Kuhusu stima: doki ina kompyuta yake ndogo ndani, nayo hukwama umeme unaporudi kwa vishindo. Chomoa waya wake wa umeme na ule unaoiunganisha na laptopu, subiri nusu dakika, kisha rudisha umeme kwanza, skrini ziwake, laptopu iwe ya mwisho. Hakuna haja ya kuizima laptopu. Na kama doki imechomekwa ukutani moja kwa moja, iweke kwenye UPS, hata ndogo.