Kupunguza wanga kwa hela ya kawaida: mboga iwe chakula, ugali uwe kionjo

Mleta uzi, nimekusoma. Daktari kakwambia upunguze wanga kwa kuwa sukari imeanza kupanda, mshahara ni uleule, na nyumbani mko watano ambao wanne hawana habari na dayati yako. Waliotangulia kukujibu wamekutajia lozi, unga wa lozi, mafuta ya zeituni na koliflawa. Vyote vizuri, na vyote vitakumaliza kabla ya tarehe 15. Mimi nipo Dar, mpishi wa nyumbani ni mimi, na mume wangu ndiye aliyepewa onyo kama lako. Tunakula hivi muda sasa na hela ya matumizi haijatuumbua. Naomba nichangie kwa kirefu.

Tuanze na tunachopunguza, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Unga wa mahindi gramu 100 una wanga kama gramu 75. Mchele mkavu unakaribia 80. Ugali wa mtu mzima aliyetoka kazini unakula unga gramu 150 kwa uchache, kwa hiyo sahani moja tu ina wanga zaidi ya gramu 110, hujagusa chai ya vijiko vitatu wala soda. Sasa mtu akisikia hivyo anakimbilia dona, au unga wa mtama, au ulezi, anajiona kamaliza kazi. Dona ni bora kuliko sembe, lina nyuzinyuzi na linakaa tumboni, ila kwa gramu za wanga haviachani sana. Mtama na ulezi vivyo hivyo. Unga wa muhogo ndiyo kabisa, karibu wote ni wanga. Rangi ya ugali isikudanganye, angalia ukubwa wa tonge.

Tangu Profesa Janabi, daktari wa moyo, alipokuwa mkuu wa hospitali ya Muhimbili akiongelea sukari na wanga kila kona, mjini kila mtu anajua asile nini. Shida ni kwamba hakuna anayekwambia tumbo lijazwe na nini. Ugali ulikuwa unafanya kazi moja kubwa: kushibisha kwa bei rahisi. Ukiuondoa bila kuweka kitu mahali pake, saa nne usiku utajikuta kwenye mkate. Jibu langu ni kwamba chakula unachokitafuta tayari kipo jikoni kwako, kwenye sufuria ya pili, ile ya mboga. Siku zote tumekuwa tukipika mboga kidogo ya kuteremshia ugali mwingi. Geuza. Pika mboga nyingi yenye kitoweo cha kueleweka, na ugali kama unaubakiza uwe wa kiganja, wa kuonjea.

Hapo inabidi ujue kununua kitoweo. Siandiki bei, maana bei ya Tandale si ya Mbezi, na bei ya leo si ya mwezi wa Ramadhani. Naandika hesabu. Yai moja lina protini kama gramu 6, kwa hiyo trei ya mayai 30 ni kama gramu 180. Kilo ya nyama mbichi isiyo na mfupa ni kama gramu 200, na ukiwekewa mfupa toa mwenyewe. Kilo ya dagaa wakavu ni zaidi ya gramu 500, kwa sababu maji yote yameshatoka juani na kilichobaki ni samaki mtupu. Chukua bei ya sokoni kwako, gawa kwa hizo gramu za protini, utaona nani anakuibia. Mara nyingi dagaa anashinda, mayai yanafuata, na nyama ya ng'ombe inabaki ya Jumapili.

Dagaa wa Mwanza wamechafuliwa jina na mchanga. Wengi huanikwa chini, ufukweni, ndiyo maana ukitafuna unasikia kukwaruza kwenye meno. Uliza walioanikwa kwenye vichanja, wapo, wanang'aa na hawana vumbi. Bei imezidi kidogo lakini hutupi nusu. Nyumbani nawatoa vichwa wakiwa wakavu, nawamwagia maji ya moto, nawaacha dakika chache, nawachota kwa mkono kutoka juu. Usimwage beseni lote kwenye chujio, mchanga uliotulia chini utarudi na dagaa. Narudia mpaka chini ya beseni pawe safi. Halafu nawakausha kwenye kikaango kikavu mpaka waanze kulia, ndipo naweka mafuta, kitunguu kingi, nyanya, karoti nusu, pilipili hoho na ndimu mwishoni. Tui zito likiwepo, namalizia nalo. Dagaa hao juu ya mlima wa mchicha au majani ya maboga ni mlo kamili, na havichukui nusu saa jikoni. Hili la gesi msilipuuze: mtungi wa kilo 6 unaopika maharage kila siku unaisha mapema kuliko unaopika dagaa na mayai.

Dagaa wa Kigoma ni wazuri zaidi kwa kutafuna lakini bei yao ni ya wageni. Kama upo karibu na soko la samaki la Feri, vibua ni samaki wa maana kwa hali hii, wana mafuta yao wenyewe na ni rahisi ukilinganisha na changu. Sisi majirani huchanga, mmoja anaenda asubuhi, tunagawana kwa mafungu. Vichwa vya samaki wakubwa usivipite, supu ya kichwa cha kolekole yenye ndimu na pilipili inashibisha kuliko watu wanavyodhani.

Upande wa kuku na ng'ombe, angalia vile ambavyo wenye hela hawavigombanii: utumbo, makongoro, bandama, maini, miguu na vichwa vya kuku. Firigisi zilikuwa za bei ya chini, sasa wauza mishkaki wamezigundua, lakini bado zina nafuu kuliko steki. Maini nakula kwa kiasi, si kila siku. Mwenye jongo aulize kwanza, maana viungo vya ndani vya mnyama vinaweza kumwamsha.

Sasa pilau ya kabichi, kwa sababu mwanamume wa Kiswahili ukimwambia hakuna wali Ijumaa unatafuta ugomvi. Kata kabichi nyembamba sana au ikwangue kwenye kikwangulio, itoke kama punje. Nyunyiza chumvi, iache kidogo, kisha ikamue kwa mikono miwili mpaka maji yatoke; hatua hii ukiiruka umepika uji wa kabichi. Kaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia kabisa, maana rangi ya pilau inatoka pale. Weka tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, bizari ya pilau, iliki, mdalasini, karafuu mbili, pilipili manga. Tia nyama ya kusaga au firigisi zilizokwisha kuchemshwa na kukatwa ndogo. Zikishika viungo ongeza moto, mwaga kabichi, geuza dakika nne au tano, zima. Usifunike. Hakuna maji hata tone. Haitakuwa pilau ya shughuli, sitaki kukudanganya, lakini ikiwa na kachumbari pembeni nyumba nzima inanukia na mtu anakula sahani mbili bila kusumbua sukari yake. Kabichi moja kubwa inatosha watu watano na chenji inabaki. Hao wa koliflawa wanafanya kitu hichohicho kwa bei mara kadhaa.

Cha pili ambacho sijaona mtu akikiandika humu ni machicha. Ukishakamua nazi, yale machicha unayowamwagia kuku ni nyuzinyuzi tupu na mafuta yaliyobaki. Chukua kikombe kimoja cha machicha yaliyokamuliwa vizuri, piga mayai matatu, weka chumvi, kitunguu kilichokatwa kidogokidogo na pilipili ukipenda. Paka kikaango mafuta, sambaza mchanganyiko uwe mwembamba, funika, moto mdogo kabisa. Juu ikikauka geuza kwa sahani. Inatoka kitu kati ya kimanda na chapati, kinashikika mkononi, kinachovya mchuzi. Watoto wangu wanakiita chapati ya nazi na wanagombania ya mwisho. Nazi moja umepata tui la mboga na chapati za asubuhi.

Kuhusu mboga zenyewe huna haja ya orodha ndefu, karibu kila jani linafaa: mchicha, matembele, chainizi, mnafu, figiri, kisamvu. Kisamvu kinawachanganya watu kwa sababu muhogo umekatazwa. Mzizi ndio wenye wanga, jani ni mboga kama mboga nyingine. Kitwange na kukichemsha muda mrefu kama ilivyo kawaida, usikipike haraka hata siku moja, kina sumu yake kikiwa kibichi. Bilinganya, bamia, nyanya chungu, tango, vyote ndani. Viazi vitamu, magimbi, ndizi za kupika na mahindi ya kuchoma viko upande wa ugali, hata kama vinauzwa meza moja na mchicha.

Maharage yatakuletea mabishano. Maharage makavu yana wanga kama gramu 60 katika 100, ila sehemu nzuri ya huo ni nyuzinyuzi, na protini haipungui gramu 20. Anayefuata keto kali, ile dayati ya kuondoa karibu wanga wote, hayamfai. Wewe uliyeambiwa upunguze, nusu kikombe yaliyoiva, bila wali, ni halali kabisa na mfuko unapumua. Choroko na kunde hivyohivyo. Wali maharage sahani iliyojaa ndiyo tatizo, maana hapo umeweka wanga juu ya wanga.

Asubuhi ndiyo ngumu kwa Dar. Ukitoka nje tu: vitumbua, maandazi, chapati, mihogo ya kukaanga, na chai ambayo mwenye kibanda keshaitia sukari kwenye birika. Mume wangu hupita kwa muuza mayai ya kuchemsha, mawili au matatu na kachumbari yake, au supu ya utumbo kavu, bila chapati. Chai anabeba kwenye chupa kutoka nyumbani. Hela ya soda na maandazi ya kila siku ndiyo iliyoingia kwenye trei ya mayai, kama unatafuta mahali pa kukata anzia hapo. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 kwenda juu, ni kama umelamba vijiko vya chai vinane au tisa.

Mchana kazini, zungumza na mama lishe. Wa kwetu nilimwambia, "Mama, nipunguzie wali, uniongezee mboga." Akanitazama juu mpaka chini. "Hela ni ileile lakini." Nikamwambia ileile. Sasa hivi akiniona tu anachota majani vijiko vitatu, kabichi, samaki, na wali wa kujaza kisahani cha chai, na ameshapata wateja wengine wa aina yangu pale. Usimwombe apunguze bei, utamchosha. Omba abadilishe.

Nyumbani usipike vyungu viwili. Watoto wanakua, waache na ugali wao, hawana kesi. Pika mboga na kitoweo vya wote, nyingi kuliko zamani, na ugali mdogo kuliko zamani. Kila mtu anajipakulia kwa hali yake. Mama mkwe alipokuja mwanzoni alinung'unika kwamba mwanawe analishwa majani kama mbuzi. Nikampikia utumbo wa nazi na matembele, kesi ikaisha. Parachichi, msimu wake ukifika mizigo ya Njombe na Rungwe inajaa mjini, nunua mabichi uyaivishe ndani. Nusu parachichi na chumvi kwenye sahani linazuia ile njaa ya saa kumi.

Mafuta nayo, kuna watu wanasoma dayati hizi wanaanza kunywa mafuta kwa kijiko. Alizeti ya kukaangia kawaida inatosha, na tui. Hamna sababu ya kuagiza chupa ya zeituni.

La mwisho, na hili usiliruke. Kama unatumia dawa za sukari, hasa insulini au vidonge kama glibenklamidi, usikate wanga ghafla kabla hujaongea na aliyekuandikia, kwa sababu dozi ile ilipimwa kwa ugali uliokuwa unakula. Ukiutoa, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Mwenye tatizo la figo au mjamzito naye aulize kwanza. Kwa asiye na dawa, siku za mwanzo kichwa kinaweza kuuma na mwili kulegea. Kunywa maji, na kikombe cha supu yenye chumvi kinasaidia, isipokuwa kama una presha, hapo chumvi iulizie. Kifaa cha kupimia sukari kama unacho, pima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, siku ya wali na siku ya pilau ya kabichi, uandike.

Ukikwama kwenye machicha yakawa yanakatika kikaangoni, ongeza yai moja na usiyageuze mapema. Kesho naweka hapa vipimo vya utumbo wa nazi.