Lipa kibarua kwanza, sadaka itafuata

Kuna kipindi nlikua nimefunga, siku ya tatu hivi, simu inaita inaita nimeiweka sailenti. Anaepiga ni jamaa alonifanyia kazi ya mikono, kamaliza vizuri tu, na mimi kila siku namwambia wiki ijayo. Hela nlikua nayo jamani, ila nshaipangia mambo mengine, tena mojawapo sadaka ya wahitaji, unaona hiyo akili!

Jioni nkafungua Isaya 58 maana ndo sura ya wafungaji, nkafika mstari wa 3, mnafunga huku mnawalemea wanaowafanyia kazi. Sikuendelea kusoma, nkampigia.

Toka siku hiyo nasoma habari za maskini kwa jicho lingine, na unakuta sehemu nyingi hata haziongelei msaada, zinaongelea chake. Kumbukumbu la Torati 24:15 inasema kibarua alipwe siku ileile kabla jua halijazama, kwa sababu ni maskini na roho yake yote iko kwenye huo ujira. Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni, masazo ni ya maskini na mgeni, na wala hagawiwi foleni, anaingia mwenyewe anaokota kama Ruthu kwenye shamba la Boazi, jioni anarudi na shayiri alioitolea jasho. Alafu ile ya mkopo ndo naipenda kuliko zote, Kumb 24:10-11, umemkopesha mtu unataka rehani, usiingie ndani kwake, simama nje akuletee. Anadaiwa sawa, ila mlango bado ni wake. Sisi je? Mtu kachelewa siku mbili tushamuanika kwenye grupu.

Wale wa "asiyefanya kazi asile", someni vizuri 2 Wathesalonike 3:10, ni asiyeTAKA kufanya kazi. Wangu alitaka, na alifanya.

Kwaiyo kabla hujapanga fungu la kusaidia watu, kaa chini uandike unadaiwa na nani, dada wa kazi, fundi, kijana alokubebea mizigo, uwamalize hao kwanza, na kama huna hela mwambie ukweli mapema asiendelee kupanga maisha kwa ahadi yako.

Yule jamaa nlipomlipa hata hakushukuru, kahesabu, kasema "sawa bosi", kaondoka. Nlikwazika kidogo, afu nkakumbuka kumbe hela ni yake.