Jibu: Tuandike mfumo wetu wa kubildi au tubaki na uliopo?

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Mna programu ya C++ yenye faili kama mia tatu, mnatumia Makefile mliyoirithi (faili ya maelekezo inayosomwa na Make, programu ya kujenga msimbo), kila badiliko dogo linawala dakika ishirini na ushei, na sasa kijana wenu mmoja anataka mwandike mfumo wenu wa kubildi, yaani wa kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, muuweke huria, dunia nzima ifaidi. Unauliza kama ni wazo zuri. Nitakujibu kwa yaliyonikuta, maana na mimi niliwahi kuwa huyo kijana.

Ofisini tulikuwa na mashine moja ya kubildia ambayo betri yake ndogo ya kwenye mazabodi ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma miaka mingi. Siku moja umeme umerudi, nikakaa nirekebishe bagi, yaani kosa kwenye programu. Nabadilisha mstari, nasevu, naandika make, naendesha programu: bagi iko palepale. Nikaongeza mstari wa kuchapa neno NIPO. Halikutoka. Nikaweka NIPO tatu, tena kwa herufi kubwa kama mtu anayegombana. Kimya. Saa mbili nzima nadhani nimerogwa.

Kumbe Make haisomi kilichomo ndani ya faili. Inalinganisha tarehe tu: chanzo kikiwa kipya kuliko zao lake, inajenga, la sivyo inapita. Msimbo wangu ulikuwa umesevuliwa miaka kadhaa "iliyopita", na faili ya .o (zao lake) ya jana yake ilikuwa imetoka "siku zijazo". Kwa hesabu zake hakukuwa na kazi. Na kilichoniuma zaidi, ilikuwa imeniambia! Kulikuwa na mstari wa kuonya kwamba saa zimepishana na huenda kazi haikukamilika, ila ulifukiwa na maonyo ya kompaila (programu inayotafsiri msimbo kwa lugha ya mashine) ambayo ofisi nzima tulishazoea kutoyasoma.

Nikakasirika. Kulikuwa na mradi mmoja huria wa mfumo wa kubildi niliokuwa nautumia nyumbani, nao ukitegemea tarehe vilevile. Nikaandika pachi, yaani badiliko la msimbo la kuwatumia, ya mistari kama mia nne: tuachane na tarehe, tupige heshi ya kila faili (alama fupi inayokokotolewa kutoka yaliyomo). Nikaituma kwa mbwembwe. Jibu la msimamizi lilikuwa swali moja: mtu asipobadilisha chochote, sasa unasoma faili ngapi?

Sikuwa na jibu. Kuuliza tarehe ya faili ni rahisi mno. Kuisoma yote ni habari nyingine. Ninja, mfumo wa kubildi aliouanzisha Evan Martin, ulizaliwa kwa tatizo hilohilo la kasi. Chromium, mradi wa kivinjari aliokuwa akiufanyia kazi, ilikuwa na faili za chanzo zaidi ya 30,000, na mifumo waliyokuwa nayo, ukigusa faili moja tu, ilichukua sekunde kumi kabla hata ya kuanza kujenga. Ninja ikashusha hadi chini ya sekunde moja. Ipo mifumo iliyochagua heshi, SCons na Bazel kwa mfano, lakini kwao heshi imo kwenye msingi wa nyumba. Mimi nilitaka kuipachika darini.

Na kuna watumiaji. Stuart Feldman alipoandika Make pale Bell Labs mwaka 1976, sharti la kuanza mstari wa amri kwa Tab lilionekana mapema kuwa kero. Hakuliondoa kwa sababu tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni na hakutaka kuwavurugia. Dazeni moja! Leo ni karibu miaka hamsini bado Tab inatupa tabu. Mfumo wa kubildi ukishatumika, hata makosa yake yanakuwa ahadi.

Pachi yangu ikaishia mistari kumi na moja: zao likiwa na tarehe ya mbele, mfumo unalitaja kwa jina, mwishoni kabisa mwa matokeo ambapo mtu analiona. Nilitakiwa kwanza kuandika jaribio linalofeli, ndipo nilete dawa. Imerudishwa mara tano, miezi mitatu. Hiyo ndiyo kazi halisi ya kuboresha mfumo wa kubildi, mkuu, kama kijana wenu anaitaka.

Sasa turudi kwenu. Umetaja kwa kupita tu kwamba huwa mnaanza na make clean, amri ya kufuta vyote vilivyojengwa, "kwa usalama". Hapo ndipo penye ugonjwa. Mtu anafuta kila kitu kwa sababu haiamini Makefile yake, na haiamini kwa sababu haijaambiwa faili ipi inategemea ipi. Unabadilisha faili ya .h (ya matangazo yanayotumiwa na faili nyingi), zile .cpp (za msimbo wenyewe) zinazoiita hazijengwi upya, programu inadondoka kiajabu, mnafuta. Mwambie kompaila aandike utegemezi huo mwenyewe: ongeza -MMD -MP kwenye amri ya kukompaili, kisha mwisho wa Makefile weka -include ya zile faili za .d zinazozaliwa, zenye orodha ya utegemezi huo. Msiziandike kwa mkono, mtachoka wiki ya pili.

La pili, tafuteni kama kuna skripti inayozalisha faili ya .h yenye namba ya toleo au tarehe ya leo. Nabahatisha, ila kwa programu iliyorithiwa naweka hela. Ikiandikwa upya kila mara, kila kinachoiita kinajengwa upya, hata kama yaliyomo ni yaleyale. Iandike pembeni kwanza, ibadilishe pale tu ilipotofautiana:

cmp -s toleo.h.mpya toleo.h || mv toleo.h.mpya toleo.h

Kwetu mstari huo peke yake ulitutoa dakika kumi na nne hadi sekunde arobaini. Nilimwita mwenzangu aje aone, akadhani imefeli.

Baada ya hapo ndipo mjaribu make -j8, si kabla. Utegemezi uliosahaulika hujificha mambo yakienda kwa foleni, ukiruhusu kazi nane kwa mpigo unaanza kupata bagi za leo ipo kesho haipo. GNU Make kuanzia 4.4 ina --shuffle, inavuruga mpangilio makusudi ili mashimo yajitokeze. Iendesheni mara kumi.

Kuhamia mfumo mwingine kama Meson au CMake? Inawezekana, na mimi Meson naipenda kwa ukaidi wake: imekataa makusudi kukuruhusu uandike funksheni zako ndani yake, kwa hiyo faili za kubildi hazigeuki programu nyingine ya kutunza. Lakini mkihama na utegemezi mbovu mtahama nao, kama kunguni kwenye godoro.

Kwa leo fanya hivi: bildi yote mara moja, gusa faili moja ya .cpp, halafu endesha make --trace bila clean. Inataja kila kinachojengwa na sababu yake. Weka hapa mistari ishirini ya mwanzo tuitazame. Na hakikisha saa ya hiyo mashine kwanza.