Stata inapiga, injini haiwaki: soma taa ya kufuli kwanza

Gari limelala salama Nkuhungu, Dodoma. Asubuhi stata inapiga vizuri, injini haiwaki, au inawaka sekunde moja mbili na kuzima. Kabla fundi hajaanza kushusha tangi ili aone pampu, tazama dashibodi: kuna taa ndogo nyekundu yenye picha ya kufuli au ufunguo?

Ufunguo ukiwa nje, taa hiyo huwaka na kuzima (humweka), na hiyo ni kawaida, mfumo wa kuzuia wizi (imobilaiza) unalinda. Ukizungusha swichi hadi ON inatakiwa izime, mara moja au baada ya sekunde chache. Ikiendelea kumweka, au ikibaki imewaka, gari halijautambua ufunguo na kontrol boksi (kompyuta ya injini) imezuia injini isiwake. Hapo usinunue pampu wala plagi. Ikizima kama kawaida na injini bado inagoma, achana na ufunguo, rudi kwenye mafuta na moto wa plagi. Kumbuka pia kwamba Toyota nyingi haziwashi pampu ya mafuta hadi stata izunguke, hivyo kukosa mngurumo wa pampu kwenye ON si ushahidi wa chochote.

Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo isiyohitaji betri. Pete ya waya iliyozunguka kitasa cha swichi huirushia mawimbi, nayo hujibu kwa namba yake. Ndiyo maana rimoti ikiishiwa betri milango hukataa kufunguka kwa kitufe, lakini gari la swichi ya kuzungusha huwaka bila shida. Na ndiyo maana ufunguo wa kuchonga kwenye kibanda, usio na chipu, hufungua mlango, huzungusha swichi, hata stata hupiga, ila injini haiwaki.

Kosa la mara kwa mara ni kubadilisha kava la ufunguo. Kava la zamani limepasuka, linanunuliwa jipya, chuma na sakiti ya rimoti vinahamishwa, kisha kava la zamani linatupwa na chipu imegandishwa ndani kwa gundi. Mara nyingi ni kipande kidogo cheusi, rahisi kutokiona. Kama kava la zamani bado lipo, lishike karibu kabisa na kitasa cha swichi huku ukizungusha ufunguo mpya. Taa ikizima na injini ikiwaka, chipu iko humo. Ukiwa na funguo mbili zenye chipu kwenye pete moja, zitenganishe kwanza. Chipu ya pili huvuruga usomaji.

Baada ya ufunguo, pima betri ya gari kwa multimita. Iliyojaa husoma karibu volti 12.6, kwenye 12.2 imebaki nusu hivi. Mwenzako apige stata huku unatazama: ikishuka chini ya 9.6, kontrol boksi inaweza kukosa umeme wa kutosha kusoma namba, na mfumo mzima ukaonekana mbovu wakati ni betri tu. Safisha terminali kwa maji ya moto na brashi ya waya, zikaze, ndipo upime tena. Fyuzi za kuangalia ni ECU-B, ECU-IG na EFI, au majina yanayofanana nayo kwenye mfuniko wa boksi. Gari la gia za mkono lenye imobilaiza halitawaka kwa kusukumwa pia, kwa hiyo msijichoshe.

Sasa, Toyota nyingi tunazoagiza kutoka Japani zina ufunguo wa chuma mtupu, usio na chipu wala imobilaiza ya kiwandani. Taa ndogo nyekundu inayomweka pembeni ya usukani imebandikwa na fundi aliyefunga alamu hapa nchini. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya alamu au ya GPS, yaani kifaa cha kufuatilia gari. Fundi hukata waya wa stata, wa swichi au wa pampu, kisha hupitisha ncha mbili kwenye relei ya volti 12. Akitumia miguu ya relei yenye namba 30 na 87a, umeme hupita relei ikiwa imelala, na alamu huiamsha ili ikate. Akitumia 30 na 87, relei lazima iamshwe ndipo umeme upite. Alamu ikifa, na gari limekufa nayo. Mpangilio huo wa pili siupendi kabisa.

Nyingi ya kazi hizi ni waya zilizosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Gari likishinda juani Dodoma, gundi ya tepu huyeyuka, vumbi huingia, na barabara ya vumbi humalizia kazi kwa mtikisiko. Dalili yake: gari linagoma saa nane mchana, jioni linawaka kama halikuwa na neno. Fungua kava la chini ya usukani, fuata waya zisizo za kiwandani hadi kwenye relei. Swichi ikiwa ON (au stata ikipigwa, kama waya uliokatwa ni wa stata), pima pande zote mbili za waya huo: 12 upande mmoja na sifuri au 5 upande wa pili maana yake miguu ya ndani imeungua au kiungo kimeachia. Alamu ikiwa haitumiki tena, iondoe yote na uunganishe waya wa asili kwa risasi ya kuchomelea, si kwa kusokota. Gari likiwa la mkopo lenye GPS, wapigie wenye GPS kwanza. Huenda wamelizima wao.

Gari la kuwashwa kwa kitufe lina tabia zake. Likisema halioni ufunguo, kanyaga breki, gusisha upande wa ufunguo wenye nembo kwenye kitufe, subiri mlio, kisha bonyeza. Badilisha betri ya ufunguo kwa namba iliyoandikwa juu yake, mara nyingi CR2032 au CR1632. Mwambie mtu aangalie taa za breki pia: zisipowaka, swichi ya pedeli au fyuzi ya STOP ndiyo inayokuzuia.

Nissan hujifunga baada ya majaribio 5 mfululizo yaliyokataliwa. Kwa ufunguo uliosajiliwa, weka ON sekunde 5, zima sekunde 5, fanya hivyo mara tatu, ndipo uwashe. Mashine ya kusoma hitilafu ikionyesha kodi P1610 ndiyo hali hiyo. Kwa Toyota, kodi B2799 inahusu imobilaiza.

Kontrol boksi ya mtumba iliyotoka kwenye gari lenye chipu haitakubali ufunguo wako. Inunue pamoja na boksi la imobilaiza na ufunguo wa gari hilo hilo, la sivyo itahitaji kusajiliwa upya.

Chonga na usajili ufunguo wa akiba wakati wa kwanza bado unafanya kazi. Funguo zote zikipotea, kazi huwa kubwa na ghali zaidi. Fundi akimaliza, washa gari kwa ufunguo mpya na uliache lingurume dakika moja kabla hujamlipa.