Ndege huyu katiwa rangi kwa mkono au katoka mtamboni?

SWALI: Nimenunua picha ya kolibri, wale ndege wadogo wa Amerika wanaofanana na chozi wetu. Muuzaji anasema ni ya John Gould, Mwingereza aliyetoa vitabu vya picha za ndege, ya miaka ya 1850, na rangi imetiwa kwa mkono. Nitajuaje kama ni kweli?

JIBU: Itoe kwenye fremu kwanza, dada, kioo kinaficha mengi. Kisha azima lensi ya sonara, ile ya kukuza mara 10, uangalie bawa. Ukikuta vitone vya buluu, waridi, manjano na vyeusi vimejipanga kwa safu, usihangaike zaidi: hiyo ni nakala ya mtambo wa kisasa.

Picha za Gould zilichorwa kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, zikapigwa chapa nyeusi, ndipo rangi ya maji ikapakwa juu. Kwa hiyo chini ya rangi utaona chembechembe za mchoro zisizo na mpangilio. Rangi yenyewe haifuati mstari sawasawa: hapa imevuka ukingo wa unyoya, pale brashi iliponyanyuliwa imejikusanya na kukauka nzito.

Sasa njoo kooni. Katika kitabu chake cha kolibri (1849–1861, picha 360), Gould alitaka manyoya yang'ae kama ya ndege hai, na rangi ya maji haiwezi hilo. Wapakaji waliweka jani jembamba la dhahabu, juu yake rangi ya mafuta inayopenya mwanga, kisha vanishi. Inamisha karatasi taratibu karibu na dirisha. Koo likiwaka na kufifia kadiri unavyoigeuza, muuzaji wako huenda anasema kweli. Chini kushoto tafuta pia majina ya Gould na H. C. Richter, maana Richter ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ya jiweni.

Usishtuke ukikosa alama ya ukingo wa bamba iliyobonyea karatasini. Hiyo ni ya picha zilizopigwa chapa kwa bamba la shaba, kama zile kubwa za Audubon, mchoraji wa ndege wa Amerika, ambazo fundi Havell alizichonga kwenye shaba.

Lakini rangi ya mkono peke yake haithibitishi umri. Hata leo mtu anaweza kupaka rangi chapa nyeusi akaiuza kama ya kale, ndiyo maana nisingemlipa mtu bei ya Gould kabla karatasi haijakaguliwa na mjuzi.

Na tafadhali usiifute kwa kitambaa chenye maji. Ikirudi kwenye fremu, mwambie fundi aweke kadibodi isiyo na asidi kuzunguka picha, ili vanishi isigande kwenye kioo.