Wakaguzi waliondoka Alhamisi, meli ilikuwa Jumamosi

Salamu kwenu nyote.

Mdogo wangu uliyefungua uzi huu, umesema umeitwa kazi kwenye kiwanda cha nguo cha EPZ, yaani eneo la viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kuuza nje, huku Changamwe, Mombasa, ofisi inayofuatilia masharti ya wateja wa ng'ambo, na unauliza kampuni hizi kubwa za nje zina deni gani kwetu zaidi ya ajira. Mwenzetu mmoja amekujibu kwamba biashara si sadaka: kampuni ikishaleta kazi na kulipa kodi imemaliza, maadili waachiwe mashekhe na mapadri. Mimi nimekaa kwenye laini za cherehani miaka sita, mitatu ya mwisho nikiwa supavaiza, kwa hiyo nivumilieni, nina mengi.

Kodi kwanza, nisije nikasahau. Sheria ya EPZ ya mwaka 1990 inamsamehe mwekezaji kodi ya faida miaka 10 ya mwanzo, na 10 inayofuata analipa asilimia 25. Si wizi, tuliipitisha wenyewe ili waje. Lakini mtu asituambie kampuni imemaliza wajibu wake kwa kulipa kodi iliyosamehewa.

Sisi tulikuwa tunashona suruali za duka moja kubwa la Marekani. Kiwanda si chao, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Mwenye jina kwenye lebo hana cherehani hata moja Mombasa. Ana oda, ana bei, ana tarehe ya meli, na ana orodha ya maadili, yaani masharti ya namna wafanyakazi wanavyopaswa kutendewa. Yetu ilibandikwa ukutani karibu na choo, kwa Kiswahili ambacho sijui kilizaliwa wapi.

Wakaguzi wa kuangalia kama orodha hiyo inafuatwa walikuja mara moja kwa mwaka, na sisi tulijua wiki mbili kabla. Sabuni inaingia chooni. Kisanduku cha huduma ya kwanza, ambacho siku zote kina plasta mbili na mkasi, kinajazwa. Makufuli ya milango ya nyuma yanatolewa, maboksi yaliyoiziba yanahamishwa. Vibarua wasio na barua za kazi wanaambiwa kesho msije. Sisi masupavaiza tunakaririshwa majibu. Mnatoka saa ngapi? Saa kumi na moja. Mnalazimishwa ovataimu? La, tunaiomba wenyewe. Mwaka mmoja mkaguzi, dada mpole tu, aliniuliza kama nina lolote la kuongeza. Meneja amesimama hatua nne nyuma yake. Nikasema sina. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki hiyo hiyo. Jumatatu mteja alikuwa ameandika kwamba hataki tena vifungo vile, anataka vingine. Vipya vikafika Jumatano, na tarehe ya meli haikusogea hata siku moja. Ukiishi Mombasa unajua meli haimngoji mtu: kontena lisipoingia bandarini Kilindini kabla mizigo haijafungwa, limebaki. Na likibaki, mkataba wetu ulisema kiwanda kiupeleke mzigo kwa ndege kwa pesa zake, nauli inayokula faida ya oda nzima. Basi wakaguzi walitoka getini Alhamisi saa kumi jioni. Saa kumi na moja kufuli likarudi mlangoni na tukashona mpaka saa nane usiku. Ijumaa vivyo hivyo. Ndani mna wanaonyonyesha, mna wanaokaa Likoni na wana feri ya kuvuka.

Nani alivunja masharti? Meneja, naam, simtetei, kufuli alilitia yeye. Lakini yule aliyekaa ofisini ng'ambo akabadilisha kifungo na asibadilishe tarehe, yeye ana mikono safi? Ana hata ripoti ya ukaguzi inayosema kiwanda kiko sawa.

Hili si langu peke yangu. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizoandaliwa na John Ruggie na kuidhinishwa mwaka 2011, zinasema kampuni inapaswa kuheshimu haki za watu hata pale serikali ya nchi imelala, na inawajibika pia kwa yale inayoyachangia kupitia wanaoiuzia bidhaa. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja huo ilitoa mwongozo wa kuzifafanua, na mmoja wa mifano yake ulinifanya nicheke peke yangu: mnunuzi anayebadilisha masharti ya bidhaa mwishoni kabisa, bila kugusa tarehe wala bei, akamsukuma mwenye kiwanda avunje viwango vya kazi ili awahi. Huyo, wanasema, amechangia madhara. Vifungo vyetu kabisa.

Na kama unadhani cheti ndicho dawa, tazama Karachi, Pakistan. Septemba 2012 kiwanda cha nguo kiliteketea, wakafa zaidi ya watu 250, wengi wamenaswa ndani. Wiki chache kabla, kilikuwa kimepewa SA8000, cheti cha kimataifa cha kuonyesha wafanyakazi wanatendewa vyema. Kisha 24 Aprili 2013 jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza likaporomoka nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, waliokufa wakapita 1,100. Nyufa zilionekana jana yake, na bado watu wakaambiwa waingie kazini. Habari hiyo ilinikuta nikiwa laini ya nne, na macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye kufuli.

Kilichofuata Bangladesh ndicho ninachokiheshimu. Mei 2013 kampuni za nguo zilitia saini na vyama vya wafanyakazi mkataba wenye nguvu ya kisheria: wakaguzi huru, ripoti zinatangazwa hadharani, na kampuni zikakubali kuhakikisha kiwanda kinamudu gharama za ukarabati. Pesa ikaingia kwenye mazungumzo ya maadili. Ufaransa ina sheria ya kufuatilia wauzaji wa kampuni zake tangu 2017, Ujerumani ilianza kutumia yake Januari 2023. Hatua, ingawa bado naona makaratasi mengi humo.

Mtu atasema mahakama zetu zipo. Zipo. Pale mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa jirani na Mikindani, kiwanda chenye leseni ya EPZ kiliyeyusha betri kuukuu na madini ya risasi yakaingia miilini mwa watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi humo na mwanawe akaugua, ndiye aliyepiga kelele. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa zikaja, na Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifungwa alikuwa keshatimiza miaka kumi.

Sisemi waondoke. Mshahara ule umenisomeshea wawili, na kiwanda kikifungwa wa kwanza kulia ni mama anayeuza mahamri na mbaazi getini.

Kwa hiyo ukiingia ofisi hiyo, mdogo wangu, iache kwanza orodha ya ukutani. Omba uone oda yenyewe: ilifika lini, imebadilishwa mara ngapi, meli inafunga lini, na kwa cherehani zilizopo kazi hiyo inaisha kwa saa za kawaida au haiishi. Ni hesabu ya dakika kumi. Ikikataa, mwandikie mteja pia, si meneja peke yake, na nakala weka nyumbani. Wanaweza kukufuta, sikudanganyi.

Na yule aliyeuliza kama mambo ya ovataimu hulipwa: zile siku mbili tulilipwa nusu, mwezi wa pili yake, na kwenye karatasi ya mshahara wakaiandika bonasi.